Kura ni Amana: Wito kwa Vijana Wetu wa Vyuo Vikuu

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha, mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuwa likizoni, wazazi wao na waumini wengine. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.) aliyetujaalia kukutana usiku huu katika nyumba yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Waheshimiwa masheikh, wazazi wetu, ndugu na dada zetu katika imani, na hasa nyinyi vijana mliorejea kutoka vyuoni. Nimetakiwa na kamati ya msikiti nizungumze nanyi juu ya uchaguzi. Napenda kutanguliza neno moja ili nyoyo zitulie: sikuja hapa kumpigia debe mtu wala chama. Msikiti huu una watu wa vyama vyote, nao wote husimama safu moja. Mimbari si jukwaa la kampeni. Nimekuja kuzungumza juu ya wajibu ambao wengi wetu tumeupuuza, na waliopuuza zaidi ni wale tuliowasomesha kwa jasho letu tukitumaini kwamba watakuwa macho yetu.

Uchaguzi Mkuu ujao wa Kenya, kwa mujibu wa Katiba yetu, utakuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Usajili wa wapiga kura ulianza tena tarehe 29 Septemba 2025. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba tunazungumza mapema. Anayeanza kufikiri juu ya kura siku ya kupiga kura amekwisha kuchelewa.

Walioulizwa Madina

Ndugu zangu, wapo wanaodhani kwamba kuwauliza watu wa kawaida, tena vijana, juu ya nani awaongoze ni jambo lililoletwa na wageni. Turejee katika historia yetu. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipochomwa kisu katika mwaka wa 23 Hijria, aliliacha jambo la uongozi mikononi mwa masahaba sita. Mmoja wao, Abdurrahman bin Awf (r.a.), alijitoa katika kinyang'anyiro, akachukua kazi ya kuwauliza watu. Ibn Kathir ameeleza katika kitabu chake cha historia kwamba kwa siku tatu, mchana na usiku, alikuwa hapati usingizi ila kidogo. Aliwauliza wakubwa na watu wa kawaida, kwa siri na kwa dhahiri. Aliwauliza wanawake majumbani mwao. Aliwauliza wasafiri waliokuwa wakiingia Madina. Na aliwauliza vijana waliokuwa katika mahali pao pa masomo.

Zingatieni hilo, enyi wanafunzi. Sahaba huyu, mmoja wa watu kumi waliobashiriwa Pepo, hakuona kwamba aliye masomoni ni mdogo mno wa kuulizwa. Hakusema kwamba mwanamke nyumbani hana la kusema, wala kwamba msafiri hahusiki. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 38, imempa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Yaani leo wewe unaulizwa bila ya kutafutwa mlangoni. Utakuwa na udhuru gani ukikaa kimya?

Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kura kwa sura tatu. Kura ni ushahidi, kwani anayempigia mtu anashuhudia kwamba mtu huyo anafaa. Kura ni uombezi, kwani anamwombea mtu huyo apewe kazi. Na kura ni uwakala, kwani anamweka mtu asimame mahali pake na mahali pa wenziwe. Sote tunajua hukumu ya mwenye kuficha ushahidi anapohitajiwa autoe. Tunajua pia hukumu ya mwenye kutoa ushahidi wa uongo. Basi anayekaa nyumbani, na anayempigia mtu asiyefaa kwa sababu ni wa kabila lake, wote wawili wana la kujibu.

Hesabu inayotuhusu

Sasa tuangalie hesabu, kwani nyinyi ni wasomi na msomi hukinaishwa kwa hoja.

Katika uchaguzi wa mwaka 2022, wapiga kura walioandikishwa Kenya nzima walikuwa 22,120,458. Vijana wa umri wa miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 39.84 tu ya hao, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilieleza kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.27 kulinganisha na mwaka 2017. Nchi ilikuwa inaongezeka vijana, na daftari la kura lilikuwa linawapoteza! Tume ilitarajia kuandikisha watu milioni 6 wapya katika mwezi mmoja wa Oktoba na Novemba 2021. Wakajitokeza takriban milioni moja na nusu.

Siku ya kura, walioandikishwa zaidi ya milioni 7 na nusu hawakufika vituoni. Na tofauti baina ya aliyeshinda urais na aliyemfuatia ilikuwa kura 233,211. Katika mwaka 2013 mshindi alivuka nusu ya kura zote kwa takriban kura 8,000 tu. Nchi nzima, kura 8,000! Vipo vyuo vikuu hapa Kenya ambavyo wanafunzi wake ni wengi kuliko idadi hiyo.

Tuje hapa Mombasa. Mwaka 2022 waliojiandikisha katika kaunti yetu walizidi 640,000. Uchaguzi wa Gavana uliahirishwa kwa sababu ya hitilafu za karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti 2022. Mshindi alipata takriban kura 119,000. Simlaumu mshindi, kwani alishinda kwa mujibu wa sheria, na sikusudii kumtia dosari. Nawalaumu waliolala. Chini ya mtu mmoja kati ya kila watano walioandikishwa ndiye aliyeamua nani asimamie hospitali zetu, masoko yetu, taka zetu na shule zetu za chekechea. Wanne waliobaki, ama walichagua wengine, ama hawakutoka kabisa. Na baada ya hapo miaka mitano tunakaa barazani tunalalamika.

Enyi wanafunzi, msidhani kwamba siasa iko mbali na masomo yenu. Fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupitishwa na Bunge. Basari za eneo bunge husimamiwa na kamati zilizo karibu na mbunge, na basari za kaunti hupitia kwa wawakilishi wa wadi. Utaratibu mpya wa kugharimia vyuo vikuu uliotangazwa mwaka 2023, ambao uliwapanga wanafunzi kwa viwango vya uhitaji na ukawaacha wengi katika mashaka, ulitoka serikalini, na serikali hutokana na kura.

Mnakumbuka mwezi wa Juni 2024. Vijana, wengi wao wakiwa ni wanafunzi wa vyuo, walitoka mabarabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha na 106 wakaukataa. Siku hiyo na zilizofuata damu ilimwagika. Makumi ya vijana walipoteza maisha katika maandamano hayo. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Lakini nawaombeni mfikiri: wabunge wale 195 waliingiaje Bungeni? Waliingia kwa uchaguzi wa mwaka 2022, uchaguzi ule ule ambao vijana walipungua katika daftari. Aliyekosa kusimama katika foleni kwa saa mbili mwaka 2022, alilazimika kusimama mbele ya gesi ya kutoa machozi mwaka 2024. Ipi ilikuwa nyepesi?

Nyudhuru tunazozisikia

Nimezungumza na vijana wengi kabla ya usiku huu, na nyudhuru zao naziheshimu. Nitazijibu moja moja.

Wa kwanza husema: kura zenyewe huibwa, ya nini kujisumbua? Nami nasema, yaliyotokea katika nchi hii hayafichiki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Lakini tazameni pia yaliyobadilika, na jinsi yalivyobadilika. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ndiyo ya mwisho. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani katika mtandao, na kijana yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Hayo hayakuja kwa kususa. Yalikuja kwa watu waliokwenda vituoni, wakahesabu, wakahifadhi karatasi zao, wakaenda mahakamani. Anayeogopa nyumba yake itaibiwa haiachi wazi akaondoka, huketi akailinda. Nyinyi mnaojua hesabu na kompyuta ndio mnaofaa kuwa makarani, mawakala na waangalizi.

Wa pili husema: siasa ni uchafu, na mcha Mungu hujiepusha nao. Ndugu yangu, maji machafu ya mtaroni hayasafiki kwa wenye nyumba kuufunga mlango. Watu wema wakijitoa wote, watabaki akina nani? Nabii Yusuf (a.s.) alijitolea kusimamia hazina ya Misri chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa kuwa alijijua kuwa ni mlinzi mwaminifu mwenye ujuzi, na kwa kazi yake watu wakaokoka na njaa. Hilo linawajibu pia wale ndugu zetu wema wanaoona kwamba kushiriki uchaguzi katika nchi ya watu wa dini mbalimbali hakufai kabisa. Sisi tunaishi humu. Tunalipa kodi humu. Mahakama za Kadhi zilizomo katika kifungu cha 170 cha Katiba zilibishaniwa sana kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Katiba ile ilipitishwa kwa takriban asilimia 67 ya kura, za Waislamu na za wasiokuwa Waislamu. Lau Waislamu wangekaa nyumbani siku ile, leo wangekuwa na haki gani ya kusema juu ya mirathi na ndoa zao?

Wa tatu husema: sisi watu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki tumetengwa tangu zamani, tususie. Dhulma zipo, na anayezikanusha hakuishi hapa. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, wa Wajir, wa Mandera, na hata baadhi ya vijana wa Pwani, alipokwenda kuomba kitambulisho aliwekwa mbele ya kamati ya kumchuja, aulizwe babu yake ni nani, ilhali mwenzake wa bara alikipata bila maswali hayo. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilitangaza kuuondoa uchujaji huo. Ndugu zetu Wapemba walioishi Kilifi na Kwale kwa vizazi, wakivua na kuzaa hapa, walikuwa hawana uraia mpaka walipotambuliwa mwaka 2023. Waulizeni wao kitambulisho kina thamani gani. Waulizeni ilikuwaje kuishi katika nchi ambamo huwezi kusajili simu, kufungua akaunti benki, wala kumchagua anayekutawala. Aliyenyimwa haki huijua bei yake. Mwaka 2013 tulisikia miito ya kususia hapa Pwani. Uchaguzi ukafanyika, viongozi wakapatikana, na aliyesusa hakupata ila kutokuwamo katika hesabu. Asiyekuwamo katika daftari, mwanasiasa hana sababu ya kupita mlangoni kwake.

Wa nne husema: sikuwapo. Nilijiandikisha chuoni, na siku ya kura nilikuwa nyumbani. Huu ndio udhuru wa kweli zaidi, na ndio unaoweza kuepukwa kwa urahisi zaidi. Chukueni mfano wa kijana wa Lamu anayesoma Nairobi. Maafisa wa usajili wanakuja chuoni mwezi wa Machi, naye anajiandikisha pale pale pamoja na wenzake. Mwezi wa Agosti chuo kimefungwa, yuko kwao, na nauli ya kwenda Nairobi na kurudi kwa ajili ya kura hana. Kura yake imekufa. Si kwamba kaibiwa; kajiibia mwenyewe kwa kutofikiri. Kwa hiyo kila mmoja ajiulize kabla ya kutoa alama za vidole vyake: tarehe 10 Agosti 2027 nitakuwa wapi? Ajiandikishe huko. Na aliyekwisha kujiandikisha penginepo, sheria inamruhusu kuhamisha, mradi atoe taarifa kwa Tume siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi.

Mambo ya kufanya

Ndugu zangu, maneno bila ya vitendo hayana baraka. Nawausieni mambo matano.

Kwanza, kitambulisho. Pasipo kitambulisho cha taifa au pasipoti halali hakuna usajili. Aliyetimiza miaka 18 na hana, asingoje mwakani. Na wazazi, watafutieni watoto wenu cheti cha kuzaliwa mapema, msiwaache wakahangaika peke yao.

Pili, usajili. Afisi za Tume zipo katika kila eneo bunge. Nendeni wawili wawili, watatu watatu, kama mnavyokwenda darsani. Ukirudi, mchukue jirani yako.

Tatu, elimu. Siku ya kura utapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Wengi hujua ya kwanza tu, kisha zile tano huzitia alama kwa kubahatisha au kwa rangi ya chama. Mwakilishi wa wadi ndiye aliye karibu nawe kuliko wote. Mchunguze: amefanya nini, analipa madeni yake, anasema kweli? Na nyinyi mliosoma waelezeni wazee wenu jinsi ya kutia alama, bila ya kuwaamulia wamchague nani.

Nne, usiri. Kura ni ya mtu mwenyewe. Baba hana ruhusa ya kumwamuru binti yake ampigie nani, wala mume mkewe. Dada zetu mliopo nyuma ya pazia, nyinyi mnazo kura kamili kama za ndugu zenu wa kiume. Abdurrahman bin Awf hakuwauliza waume za wale wanawake wa Madina. Aliwauliza wao wenyewe.

Tano, usafi wa mkono. Kila uchaguzi huja na noti ya shilingi mia mbili, na kanga, na unga. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 nayo inawahesabu wote wawili kuwa wakosaji. Gawanyeni shilingi mia mbili kwa siku za miaka mitano, mwone mmeuza siku moja kwa senti ngapi. Haifiki hata senti kumi na moja kwa siku! Vilevile msikubali kukodiwa kuvuruga mikutano ya watu. Anayekukodi hakumpeleka mwanawe. Mwanawe yuko ng'ambo anasoma.

Na baada ya kura, tuyapokee matokeo kwa utulivu. Mwenye malalamiko ayapeleke mahakamani pamoja na ushahidi. Jirani yako aliyempigia mwingine ataendelea kuwa jirani yako tarehe 11 Agosti, na ndiye atakayekuja kukubebea jeneza.

Ndugu zangu vijana, wazazi wenu hawa mnaowaona wameketi nyuma ya safu zenu, baadhi yao waliuza mbuzi, wengine waliuza mnazi, wengine wameamka alfajiri miaka mingi kupika mahamri, ili nyinyi mkae katika madarasa ya vyuo vikuu. Hawakuwapeleka huko mpate shahada ya kutundika ukutani. Wamewapeleka mpate kusema kwa niaba yao pale ambapo wao hawasikilizwi. Na mahali pa kwanza pa kusema ni katika kile kisanduku cha kura, ambamo kura ya mwanafunzi asiye na senti na kura ya tajiri mwenye majumba zina uzito mmoja. Mahali kama hapo katika dunia hii ni pachache. Mkipaacha wazi, watapakalia wengine, na mtapangiwa maisha yenu na watu msiowachagua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kumwogopa na kuwahurumia watu, aijaalie nchi yetu amani kabla ya uchaguzi na baada yake, na atufanye miongoni mwa wanaotekeleza amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.